Kocha Aliyemweka Vance Delucca Benchi

Siku niliyomwona Kocha Hrabik kwa mara ya kwanza alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa shule ya Brannock, anavuta kamba. Ilikuwa Agosti, mabati ya majukwaa yanaunguza, na mimi nilikuwa nimeajiriwa wiki ile kukata nyasi na kufagia chini ya viti. Msimamizi alinionyesha kwa kidole, akasema yule ndiye atakayenifundisha kuchora mistari, nimwite Kocha. Nilikwenda nikasimama kando yake. Hakuinua kichwa. Alinipa ncha ya kamba, akaninyooshea mkono upande wa kwenda, nami nikaenda. Mimi si mtu wa maneno, na nilishukuru kupangiwa kazi na mzee wa namna hiyo. Tulipaka rangi nyeupe uwanja mzima karibu kimya, na wakati wa chakula alikata soseji yake kwa kisu cha mfukoni, akaniwekea nusu juu ya mkate, akageuka kutazama mto.

Nilidhani ndiye kocha wa timu. Ijumaa ilipofika, siku ya mechi, nilimtafuta jioni nimuulize kama nikunje turubai au niliache. Watu walikuwa wameanza kuingia na mablanketi yao, bendi ya shule inapasha ngoma moto. Nikamwona anatoka kwa geti la magari ya takataka, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, anatembea haraka kama mtu aliyeiba kitu.

Nilimuuliza Gus Petrak kama Kocha anaumwa. Petrak ana duka la vifaa vya ujenzi, na siku za mechi huchoma soseji kwa ajili ya klabu ya Waslovaki, watu ambao babu zao walitoka Slovakia, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Alicheka mpaka akaweka koleo chini.

"Kocha wa nini, ndugu yangu? Huyo haangalii mechi hapa. Anachora tu, anakimbia. Huyo ndiye aliyemweka Vance Delucca benchi."

Jina la Vance Delucca nilikuwa nimelisikia hata kabla ya kuhamia Brannock. Hakuna nyumba yenye televisheni ambayo haikulisikia. Katika mpira wa Kimarekani kuna mchezaji mmoja anayeitwa kwotabeki. Mchezo ukianza, mpira unapita kwanza mikononi mwake, na ndani ya pumzi mbili lazima aamue amrushie nani, ampe nani akimbie nao, au aukumbatie na kuangukiwa na majitu. Timu ikishinda anabebwa mabegani. Ikishindwa, ni yeye. Na Delucca, kijana aliyezaliwa mitaa mitatu kutoka uwanja ule, alikuwa mmoja wa makwotabeki wakubwa wa wakati wake.

Habari nyingine nilizipata vipande vipande, nyingine klabuni kwa Petrak, nyingine baadaye kwa Kocha mwenyewe.

Leonard Hrabik alikuwa kocha wa Brannock wakati viwanda vya chuma bado vina moto na shule ina vijana wa kutosha kujaza mabasi mawili. Alikuwa mkali na alishinda mechi nyingi, na mtu mkali anayeshinda hupendwa sana katika mji huu. Kisha mwanawe, Dougie, akafikia umri wa kucheza, na Kocha akamfanya kwotabeki.

Hilo ni jambo ambalo katika miji hii kocha mwenye akili hulikwepa. Anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwatukana watoto wa watu, atavumiliwa. Lakini akimweka mwanawe mahali pale, kila mzazi aliyeko jukwaani anaacha kutazama mpira na kuanza kumtazama mtoto. Kocha alijua. Alijipa sababu kwamba Dougie alikuwa mrefu, mtiifu, na anarusha mpira jinsi vitabu vinavyotaka, mkono juu ya sikio.

Vance alikuwa mwembamba na alirusha kutokea ubavuni, kama mtoto anayerusha kijiwe kiruke juu ya maji. Kocha akasema huo si mkono wa kwotabeki. Akamweka benchi. Mama yake Vance, Loretta, ambaye alikuwa akihudumia wazee wasiojiweza, alikuja mazoezini akiwa bado na sare ya kazi, akasimama kwenye ua wa waya, akamwomba ampe kijana wake nafasi angalau robo moja ya mechi. Kocha alimjibu bila kugeuka, macho yakiwa kwa wachezaji, kwamba yeye hamfundishi Loretta jinsi ya kubadilisha mashuka.

Loretta hakurudi tena. Kiangazi kilichofuata alihama na kijana wake akavuka mto, akaenda kukaa kwa dada yake Port Hanlon, mji ambao Brannock inauchukia kuliko shetani. Mwaka huo Port Hanlon walikuja kucheza hapa. Vance alirusha pasi za mabao mpaka watu wakaanza kuondoka kabla ya muda. Dougie aliangushwa, akainuka, akaangushwa. Jukwaa la nyumbani likaanza kuimba jina la Vance, mtoto wao waliyempoteza, huku mwana wa kocha wao amelala chini anatafuta pumzi. Kocha hakumtoa. Msimu ulipoisha, bodi ya shule ikamfukuza kazi ya ukocha, ikamwachia darasa la useremala.

Hayo peke yake yangesahaulika. Ila Vance hakuishia hapo. Vyuo vikubwa vilimkataa kwa sababu ya mkono wake, akaenda chuo kidogo. Ligi kubwa ilimchukua mwishoni kabisa, timu moja ya magharibi, na huko nako akakaa benchi misimu mitatu. Kisha kwotabeki wao akavunjika mfupa wa bega siku ya theluji, Vance akaingia, na hakutoka tena mpaka nywele zilipoanza kumpotea. Alishinda ubingwa mara mbili. Na kila mwaka alipokaribia fainali, watangazaji walisimulia kisa kilekile, kwa sababu kilikuwa kinapendeza: kulikuwa na kocha huko Brannock aliyesema kijana huyu hana mkono. Walionyesha picha ya Kocha na kipenga mdomoni. Waandishi walikuja mpaka mlangoni kwake. Mara moja alimjibu mmoja, akasema, "Niliona vibaya," na maneno hayo yakarudiwa kwenye televisheni wiki nzima, watu wazima wenye tai wakiyachekea.

Kadiri Vance alivyong'aa huko magharibi, ndivyo huyu alivyozidi kujificha hapa. Klabuni walibuni mchezo wao. Kila Jumapili, Vance akirusha pasi ya bao, mtu mmoja anamnunulia Kocha bia, na mhudumu anaiweka mbele yake na kusema, "Kutoka kwa Vance." Kocha hakuwahi kuikataa. Alikunywa kila moja mpaka chini, akasema asante. Siku ambazo Vance alikuwa moto, Kocha alisindikizwa nyumbani ameshikwa makwapa. Nilimuuliza Petrak kwa nini hakuacha kwenda.

"Angeacha, tungemwona mwoga," alisema. "Alikuja, tukamwona mjinga. Achague mwenyewe."

Aliacha mwaka ambao Vance alistaafu. Bia zilikuwa hazina sababu tena.

Wa kuhurumiwa zaidi, nilivyoona mimi, alikuwa Dougie. Sasa ni mtu mzima mwenye kitambi, ana gereji ya matairi karibu na daraja, na ni fundi mzuri, mwaminifu. Lakini ukipeleka gari kwake utaona jambo. Mafundi wengine wakimaliza kazi hukurushia funguo. Dougie hutembea mpaka ulipo, akakuwekea mkononi. Kwa sababu ukimrushia wewe, au akirusha yeye, lazima mtu mmoja pale kwenye viti aseme kitu. Inama, Dougie anarusha. Kaa ng'ambo ya mto, utazipata. Yeye hutabasamu na kurudi chini ya gari. Mji uliamini kwamba kijana yule alijua anapendelewa, akakaa kwenye nafasi ya mwenzake kama mfalme.

Kocha na Dougie walisalimiana wakikutana dukani. Kula pamoja, hapana. Kocha alikuwa akipeleka gari lake kubadilishwa matairi Port Hanlon, ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna aliyejali yeye ni nani.

Sasa viwanda vilipofungwa, watoto wakapungua pande zote mbili za mto, na serikali ikaziunganisha shule za Brannock na Port Hanlon ziwe moja. Wazee walilia kama wamefiwa. Uwanja uliobaki ni wa kwetu, na ili watu wa Port Hanlon wasijione wageni, kamati ikaamua uwanja upewe jina la mtu ambaye kila upande unadai ni wake. Vance Delucca mwenyewe atakuja, Ijumaa moja ya Oktoba, kabla ya mechi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Petrak. Alikuja uwanjani asubuhi, mikono mfukoni, akasema Vance ameomba jambo moja tu: jezi yake ya zamani akabidhiwe na Kocha Hrabik.

Kocha alikuwa anakoroga rangi. Aliendelea kukoroga.

"Umesikia, Kocha?"

"Nimesikia."

"Utasema maneno mawili, basi. Watu watafurahi. Hakuna mwenye kinyongo tena."

Petrak alipoondoka, Kocha aliniuliza kama nadhani Vance anataka kumkomoa. Nilisema simjui. Akasema na yeye hamjui, alikaa naye misimu miwili na hakuwahi kumuuliza hata anapenda nini.

Wiki ile kazi yetu ilikuwa kuandika jina DELUCCA kwenye nyasi za mwisho wa uwanja, pale ambapo mabao hufungwa, kwa herufi ndefu kuliko mtu. Ingeweza kufanywa na kampuni ya rangi. Kocha alisema ataifanya yeye. Tulipima kwa kamba na vigingi, yeye akapaka kingo, mimi nikajaza katikati. Alikuwa kwenye herufi ya U, amenigeuzia mgongo, alipoanza kuzungumza. Sikumuuliza kitu. Nadhani aliniambia kwa sababu alijua siwezi kukipeleka popote.

Alisema kwamba wiki ileile aliyokuja Loretta kwenye ua, Dougie alikuja jikoni usiku akiwa na jezi yake imekunjwa vizuri. Akaiweka mezani. Akasema, baba, Vance ananishinda, kila mtu kwenye timu anajua, mweke yeye, mimi nitakaa nyuma yake. Hakulia, hakukasirika. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

"Nikamwambia nini?" Kocha alisema. "Nikamwambia mtoto wa Hrabik haachii mtu nafasi. Nikamwambia achukue nguo yake akalale, na nisimsikie akisema hivyo tena. Na hakusema tena, Feruzi. Hata siku ile walipokuwa wanamwimbia jina la mwenzake. Alikuwa akiinuka ananitazama. Nikajifanya nasoma karatasi."

Nilichovya brashi tena kwenye rangi.

"Watu wananicheka kwamba sikumwona Vance. Sawa, sikumwona. Ni macho, yanakosea. Lakini huyu mwingine aliona. Mtoto wa miaka kumi na sita aliona kilichonishinda, akajitoa mwenyewe, na mji mzima unamwita mwizi wa nafasi. Na mimi nakunywa bia zao nanyamaza. Miaka yote hii ningeweza kusema."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Lilikuwa swali langu refu kuliko yote niliyowahi kumuuliza.

Alifikiri. Akasema mwanzoni alidhani likijulikana ataonekana mjinga mara mbili. Baadaye alizoea. Kisha akainuka, magoti yakamlia, akasema Ijumaa atasema. Atakuwa ameshika kipaza sauti, miji yote miwili imekaa mbele yake, na Dougie atakuwepo kwa sababu klabu imempa kazi ya kusimamia jenereta. Akishika tu kile kipaza sauti atasema, na Dougie atakuwa mtu huru. Alitaka tu amalize maneno kabla Vance hajaanza kumsemea mazuri, maana alijua Vance akimsifu atalegea.

Siku zilizofuata nilimsikia akijifunza. Alikuwa akisukuma mashine ya mistari huku midomo inatembea. Mwanangu Douglas aliniambia. Mwanangu Douglas alikuja kwangu. Alibadilisha mwanzo mara nyingi.

Ijumaa uwanja ulijaa kupita kiasi. Mimi nilipangiwa kushika waya wa kipaza sauti usikanyagwe, kwa hiyo nilikuwa karibu nao hatua chache. Kocha alivaa koti la suti lililokuwa limebana kwapani. Jezi ilikuwa mikononi mwake, imekunjwa. Vance alikuja akitembea taratibu, goti moja halikunjiki vizuri, na mama yake akiwa amemshika mkono. Loretta alikuwa amezeeka ila amenyooka. Kocha alimwamkia akimtazama usoni.

"Leo umegeuka," Loretta alimwambia, sauti ya chini, na akapita kwenda kukaa kwenye kiti chake.

Nadhani hapo ndipo alipoanza kupoteza maneno yake.

Vance alichukua kipaza sauti kwanza. Alikuwa mtu mpole kweli, hakuja kumkomoa mtu. Alimshika Kocha bega akasema huyu ndiye mwalimu wake wa kwanza wa kukaa benchi, na alipofika ligi kubwa wakamkalisha misimu mitatu hakupata shida, tayari alikuwa na uzoefu. Watu walicheka, cheko zuri, la kumaliza mambo. Akasema kama asingekataliwa Brannock asingevuka mto, na kama asingevuka mto, nani anajua. Akamkumbatia. Kisha akampa kipaza sauti.

Kocha alikishika kwa mikono miwili. Alifungua mdomo. Niliona midomo ikitengeneza neno la kwanza la yale aliyojifunza.

Kabla sauti haijatoka, Petrak alipaza yake kutoka safu za mbele. "Na Dougie je? Muiteni Dougie aturushie mmoja!"

Jukwaa zima likaangua kicheko, pande zote mbili, Brannock na Port Hanlon pamoja kwa mara ya kwanza tangu ziunganishwe. Vance aliinua mkono kuwatuliza, akasema, "Jamani, mwacheni." Lakini Kocha alikuwa ameshacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha mtu aliyepewa chai asiyoitaka akaipokea. Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake, kikakichukua na kukitoa kwenye spika zote za uwanja, kikubwa, kikavu, hadi ng'ambo ya maegesho.

Dougie alikuwa amesimama kwenye ua, karibu na jenereta, ana kikombe cha kahawa. Alikiweka juu ya jenereta polepole, akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka.

Kocha alimwona akiondoka. Akasema, "Asanteni." Akampa Vance jezi. Watu wakapiga makofi. Aliniachia kipaza sauti mimi badala ya mwenye kazi hiyo, na kilikuwa kimelowa jasho. Safari hii hakutoka kwa geti la takataka. Hakutoka kabisa. Alikaa mwisho wa benchi la wachezaji wa akiba mpaka mechi ikaisha, anatazama mbele, na sidhani kama aliona mpira hata mara moja.

Asubuhi yake aligonga kwangu. Alikuwa na koti lilelile. Aliniambia twende kwa Dougie, nimpeleke kwa gari langu, kwa sababu akienda na lake atalipitiliza daraja na kujikuta Port Hanlon. "Ukiona nageuka, nizuie," alisema.

Jumamosi asubuhi gereji ya Dougie hujaa watu wanaosubiri matairi ya msimu wa theluji. Walikuwepo wanaume wanne kwenye viti vya plastiki, mmoja wao Petrak, na mbwa wa Petrak. Walikuwa wanazungumzia jana yake, walipomwona Kocha, Petrak akamsogezea kiti, akasema, "Karibu, bwana mkubwa. Ulitufurahisha sana jana."

Kocha hakukaa. Dougie alikuwa chini ya gari, tunaona buti tu. Kocha alisimama mbele ya zile buti akawageukia waliokaa. Alisema bila mpangilio wowote, yale aliyojifunza yote yalikuwa yamemtoka. Alisema Dougie ndiye aliyemwambia amweke Vance. Alisema Dougie alileta jezi mezani, ameikunja, na yeye akamfukuza akalale. Alisema mara mbili kwamba ilikunjwa, kama vile hilo ndilo wasingeliamini. Alisema mtoto hakuiba nafasi ya mtu, alilazimishwa kukaa pale, na aliyemlazimisha ni yeye, na amewaacha wamcheke miaka yote kwa sababu ilikuwa nafuu wakigawana kicheko wawili kuliko akibaki nacho peke yake.

Hilo la mwisho hakuwa ameniambia. Nadhani alilijua palepale.

Mbwa alijikuna. Petrak alisema, "Kocha, hayo ni ya zamani, nani anayajali," lakini alisema akitazama viatu vyake, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Buti zikasogea. Dougie akatoka chini ya gari, akaketi palepale sakafuni, uso una mafuta.

"Nani kakuomba?" alisema.

"Hakuna."

"Jana ulikuwa na miji miwili mbele yako, na kipaza sauti. Leo umewaletea watu wanne na mbwa."

"Jana nilicheka," Kocha alisema.

"Nilikusikia. Ulisikika mpaka kwenye gari langu."

"Ndiyo."

"Ungejua nilivyokuwa nakutazama siku ile uwanjani," Dougie alisema. "Nilikuwa nasema, sasa atanitoa. Nikianguka tena, atanitoa. Nilianza kuanguka makusudi, baba."

Kocha alishika ukingo wa meza ya kazi. Hilo hakuwa analijua. Niliona uso wake ukikunjuka wote, kama kitu kilichokuwa kimefungwa kwa kamba na kamba imekatwa, na sikupenda kuendelea kumtazama. Wale watu wakaanza kukumbuka shughuli zao. Petrak aliacha gari lake likiwa halina tairi moja, akaondoka kwa miguu na mbwa wake.

Dougie alirudi chini ya gari. Kocha hakuondoka. Aliketi kwenye kiti cha plastiki asubuhi nzima na mchana, mimi kando yake, wateja wanaingia na kutoka, na habari ilikuwa imeshatembea kwa sababu walioingia mchana hawakufanya mzaha wowote. Walisema shikamoo kwa Kocha na habari kwa Dougie, wakalipa, wakaenda. Kabla ya kufunga, Dougie alisimama mlangoni akitazama nje.

"Matairi yako unabadilishia wapi?" aliuliza.

"Port Hanlon."

"Wanakuibia. Lete Jumatatu." Akazima taa tukiwa bado tumekaa.

Kocha alilipeleka gari Jumatatu. Alinisimulia kwamba walizungumza habari za matairi tu. Wiki iliyofuata alilipeleka tena, anadai linavuta kushoto, na Dougie akamwambia halivuti popote, akampa kahawa. Mjini watu walibadilika kidogo, si sana. Klabuni waliacha kumtania Dougie, ila hawakupata jambo jingine la kumwambia, kwa hiyo mara nyingi walikaa kimya akiingia, na sijui kama hilo lilikuwa bora. Kocha ndiye waliyemchukia sasa kwa dhati, hasa kina mama. Alisema hiyo ni haki yao, na kwamba chuki ni rahisi kuibeba kuliko bia.

Mara ya mwisho nilipozungumza naye ilikuwa wiki ya sikukuu ya Shukrani, Novemba, tunaweka mashine ya mistari stoo kwa ajili ya baridi. Siku chache baada ya sikukuu alipata kiharusi, na nilipokwenda kumwona hospitali alinijua, akanibana vidole, lakini ulimi ulikuwa umekufa na haukurudi mpaka alipofariki. Kwa hiyo maneno yake ya mwisho kwangu ni ya stoo. Alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi, ananitazama nikifunga turubai. Katika nyumba za hapa, siku ya Shukrani, watu hula batamzinga mezani na mpira unaonyeshwa kwenye televisheni mchana kutwa, haizimwi. Nilimuuliza atakula wapi mwaka huu.

"Kwa Dougie," alisema. "Kaniambia nije, ila nije mpira ukiisha. Hajasema kwa nini, na mimi sikuuliza. Nitawahi, Feruzi. Nitakaa kwenye gari nje mpaka nione wamezima televisheni."